Uzinduzi wa Nyangumi

Jina la nchi hii siwezi kulitaja kwa sababu bado halijazinduliwa. Limo ndani ya bahasha, bahasha imo kabatini, na kabati linasubiri mgeni rasmi. Sisi wananchi hatuna haraka. Tunaitana "nyie wa huku" na mambo yanakwenda.

Kwetu kitu hakianzi kuwepo siku kilipojengwa, kinaanza kuwepo siku kiongozi alipokikatia utepe. Daraja la Mto Mbwego lilikamilika miaka sita iliyopita, lina hata taa. Watu wanavuka chini yake, maji kifuani, viatu kichwani, na wakifika katikati huinua macho kulisifu. Zahanati ya Kilongo ina vitanda arobaini ambavyo bado vimefungwa nailoni, na wagonjwa wamelala barazani kwa heshima zote. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumeigeuza methali hiyo kuwa sheria: mgeni asipokuja, mwenyeji haponi.

Mimi ni mtumishi wa Idara ya Uzinduzi, cheo changu Mshika Sinia Daraja la Pili. Nashika sinia lililotandikwa mahameli nyekundu, na juu ya mahameli umelala mkasi wa rangi ya dhahabu. Mgeni rasmi akinyoosha mkono, napiga hatua mbili mbele. Akimaliza, narudi nyuma hatua tatu. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na minne bila kudondosha kitu, na cheti ninacho.

Tatizo la nyangumi lilianza pale ilipogundulika kwamba wanaonekana.

Kila mwaka kuanzia Julai nyangumi hutoka bahari ya baridi huko kusini wakaja kuzaa katika Ghuba ya Mwamwema, ambako maji ni ya vuguvugu. Wamefanya hivyo tangu kabla ya serikali, jambo ambalo lenyewe ni utovu wa nidhamu. Aliyekuwa akipeleka watu kuwatazama ni Nahodha Saumu Bwanakheri, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mwembamba, mkavu wa maneno. Hana mume, hana shamba, ana boti. Boti lenyewe la faiba, lenye mashine mbili, alilipata kwa miaka kumi na tisa ya kukaanga maandazi na kuuza pweza.

Akiwa na abiria alikuwa mkali kama mkunga. Mita mia kutoka kwa nyangumi alizima mashine, akaweka kidole mdomoni. "Hiki ni chumba cha mzazi," aliwaambia. "Mkitaka kupiga kelele mngebaki hotelini." Alikuwa na daftari la shule ambamo alichora mikia ya nyangumi aliowafahamu, kila mkia na kovu lake, kila mama na mwaka aliozaa.

Mambo hayo yakamfikia Waziri wa Utalii, Uzinduzi na Mambo Yanayoonekana, Mheshimiwa Dakta Mhandisi Ngwandu Kitundu. Mhandisi wa nini, hatujaambiwa. Aliwaita waandishi wa habari akiwa amevaa jaketi la kuokolea maisha, ingawa ofisi yake iko ghorofa ya nane.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimesikitishwa na taarifa kwamba katika ghuba yetu wapo nyangumi wanaoonekana kiholela. Niseme wazi. Serikali haiwapingi nyangumi. Serikali inawapinga nyangumi ambao hawajazinduliwa."

Waraka Namba Saba ulitoka wiki hiyo hiyo. Ulisema nyangumi ni mradi ambao haujakabidhiwa, na kumwona kabla ya uzinduzi ni kosa. Atakayeona ataonywa. Nahodha atakayeonyesha watu, au kwa namna yoyote kuutangulia uzinduzi, atanyang'anywa boti na leseni kwa maisha yake yote.

Safari hazikusitishwa, kwani wageni walikwisha kuwasili na nchi yetu ni ya ukarimu. Waliendelea kupelekwa baharini, ila wakifika huko walikalishwa wakiutazama ufuko. Nyuma yao nyangumi waliruka na maji yakawanyeshea migongoni. Mbele ya kila boti alikaa Afisa Macho wa wizara, ambaye aliwatazama nyangumi kwa makini sana ili kuhakikisha kwamba hakuna anayewatazama.

Pomboo hawakuwa na shida, walizinduliwa na waziri aliyetangulia. Kasa walikuwa wamewekewa jiwe la msingi tu, hivyo waliruhusiwa kutazamwa mpaka shingoni. Ugumu ulikuja pomboo walipoogelea ubavuni mwa nyangumi. Wizara ikatoa ufafanuzi kwamba katika hali hiyo mgeni afumbe jicho la upande wa nyangumi.

Nahodha Saumu alitii. Alitii kama watu wa pwani wanavyotii, yaani amebinya midomo. Siku moja bibi mmoja mgeni, mgongo wake umelowa chepechepe, alimuuliza ule mshindo wa nyuma ulikuwa nini.

"Upepo, mama," alijibu. "Upepo wa tani thelathini."

Kamati ya Utepe ilikuwa na wajumbe arobaini na mmoja, na ilikaa wiki kumi na moja katika hoteli ya bara ambako bahari haionekani, ili wajumbe wasije wakavunja Waraka. Swali lilikuwa moja: utepe wa nyangumi ufungwe wapi? Mjumbe mmoja alipendekeza mkiani. Ikaonekana mhusika atatakiwa kwanza kujaza fomu. Mwingine akasema ufukoni, akaulizwa kama nyangumi atakuja kwa miguu. Hatimaye wakaamua uvutwe mlangoni mwa ghuba, kutoka boya hadi boya, mita mia sita. Na kwa kuwa utepe wa kawaida ungekatwa na mawimbi, na mawimbi hayana mamlaka hayo, ikanunuliwa kamba ya nailoni nene kama kidole gumba, ikavishwa kitambaa cha rangi za bendera.

Sheria inataka wadau wasikilizwe. Mdau alikuwa Nahodha Saumu, naye alipewa dakika mbili mbele ya Waziri.

"Mheshimiwa, hapo mnapotaka kufunga kamba ndipo mlango wao," alisema. "Mama anapita hapo, mtoto ubavuni. Mtoto wa siku nne hajui kamba ni nini. Akinasa hana muda, ati. Lazima aje juu kuvuta pumzi kila baada ya dakika chache, na akishachoka hawezi tena. Fungeni popote pengine. Fungeni hata nyumbani kwangu."

Waziri alitabasamu kwa upole wa mtu aliyekula vizuri.

"Nahodha, usiwavunjie heshima nyangumi wetu. Wamesubiri miaka yote hii kuzinduliwa. Watashindwa kusubiri asubuhi moja?"

Wajumbe walipiga makofi. Katibu akaandika: mdau ameipongeza kamati.

Kisha ratiba ikachapishwa. Saa tatu kamili, mgeni rasmi kuwasili. Saa tatu na dakika kumi, wimbo wa taifa. Saa tatu na dakika arobaini, nyangumi kujitokeza, mmoja mmoja, bila kurusha maji upande wa jukwaa. Nakala ya nyangumi ilisomwa baharini kwa kipaza sauti mara tatu, kwa lugha ya taifa, ili baadaye asije mtu akasema hakuarifiwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Tishari kubwa lilitiwa nanga karibu na utepe, likapambwa mahema, makochi ya waheshimiwa, viti vya plastiki vya mabalozi, na bendi ya tarumbeta. Waalikwa walikuwa mia nne. Mshereheshaji alikuwa Bwana Selestini, Mkuu wa Itifaki, mtu ambaye hata akipiga chafya huanza na kutambua uwepo wa viongozi.

Sinia lilitakiwa likae katikati ya utepe. Boti la wizara lilikuwepo gatini, jipya kabisa, lakini nadhani mmekwisha kuelewa hali yake. Kwa hiyo aliagizwa Nahodha Saumu. Tukakaa wawili kwenye boti lake tangu saa mbili asubuhi, yeye kwenye usukani, mimi na sinia langu, tukisubiri.

Saa tatu ikapita. Saa nne. Mgeni rasmi alikuwa ametoka Ikulu alfajiri, lakini kati ya Ikulu na bahari kuna mambo mengi yasiyozinduliwa, na msafara hauwezi kuyapita tu kama una dharau. Saa nne na nusu tulisikia kwenye redio kwamba amezindua mzunguko wa barabara. Saa tano, kifusi cha kokoto. Saa tano na nusu alikuwa kwenye banda la mbuzi wa kisasa, akihutubia.

Karibu na saa sita Nahodha Saumu aliinua kichwa.

"Anakuja," alisema kwa sauti ya chini. "Ana pengo mkiani upande wa kushoto. Huyu alizaa hapa miaka mitatu iliyopita. Ana mtoto."

Akisha kusema hivyo aligeuka akautazama ufuko, kama Waraka unavyotaka. Nami nikageuka. Nilisikia pumzi nzito ya mama, kisha pumzi ndogo, haraka haraka. Halafu boti letu likayumba, na nikaona boya la upande wa kulia linazama, linaibuka, linazama tena.

Nikiri kosa langu: niliangalia. Utepe ulikuwa umemzunguka mtoto mkiani mara mbili. Kila alipopiga mkia ulikaza. Mama alikuwa ameingia chini yake, anamwinua kwa mgongo ili apate pumzi, anashuka, anamwinua tena. Nyama za mtoto zilikuwa zimeanza kuchanika na maji yakawa na wekundu kidogo.

Kwenye tishari Bwana Selestini alishika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, kutokana na sababu zilizo nje ya ratiba, tunaombwa sote tugeuze viti tuelekee ufukoni. Tugeuze kwa utulivu. Waheshimiwa watageuzwa na wasaidizi wao."

Watu mia nne wakageuka. Nilisikia makochi yakiburutwa. Hakuna aliyeuliza, na hilo ndilo ninaloliita elimu ya uraia. Nahodha Saumu alichukua redio.

"Bwana Selestini, kamba imemnasa mtoto. Nipe ruhusa niikate."

"Kamba gani, mama?"

"Hii hapa yenye rangi za bendera."

"Hiyo siyo kamba, mama. Huo ni utepe."

"Haya, utepe umemnasa mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Wa nyangumi, bwana."

Nilisikia karatasi zikichakarika redioni. Nadhani alikuwa anafunua ratiba.

"Kwa mujibu wa ratiba, nyangumi hawajajitokeza."

"Wamejitokeza. Geuka uone."

"Siwezi kugeuka, mama. Mimi ni mtumishi wa umma."

"Mgeni rasmi yuko wapi?"

"Yuko njiani. Amebakiza mizani ya pamba na bucha moja."

"Mtoto hana muda huo, bwana. Anachoka."

"Mwambie avumilie. Mheshimiwa naye amechoka."

Saumu aliiweka redio chini polepole. Akanigeukia.

"Kaka, nipe huo mkasi."

"Mkasi huu ni wa mgeni rasmi, Nahodha."

"Nitaurudisha."

"Haujawahi kushikwa na mtu mwingine."

"Basi kata wewe."

"Mimi nashika sinia."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama samaki aliyelala juani siku tatu. Kisha akalitazama boti lake, kuanzia mbele mpaka kwenye mashine, na mkono wake ukapapasa ukingo.

"Nikikata, hili linakwenda," alisema.

"Linakwenda, Nahodha. Waraka uko wazi."

"Miaka kumi na tisa."

Nadhani hakuwa anasema na mimi. Mtoto aliinuliwa tena, na safari hii pumzi yake haikusikika vizuri. Saumu akawasha mashine moja, akasogea taratibu, akaizima. Chini ya kiti akatoa kisu cha kukatia chambo, kile cha mpini uliofungwa mpira. Mgongo wa mama ukatokea pembeni yetu, mrefu kupita boti, na angetaka angetupindua kwa kujinyoosha tu. Hakujinyoosha. Wapo watakaosema alielewa. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba alitulia kuliko kamati yetu.

Saumu alilala kifudifudi ukingoni, mikono majini mpaka mabegani. Ilichukua muda, kwa sababu kitambaa cha bendera kilinunuliwa cha hali ya juu. Alijikata kiganja. Aliendelea. Ikakatika upande mmoja, kisha wa pili, na mtoto akateleza kutoka kwenye kamba, akaja juu, akavuta pumzi ndefu niliyoisikia mpaka tumboni mwangu.

Na utepe ukaanguka vipande viwili.

Sasa ikumbukwe kwamba mkuu wa bendi, Sajini mmoja mtiifu, alikuwa na amri ya maandishi: utepe ukikatika, piga wimbo wa taifa. Amri haikusema ukikatwa na nani. Kwa ajili ya kazi hiyo yeye aliruhusiwa kutazama. Akaona, akapiga. Waalikwa wakasimama, migongo yao baharini, mikono ubavuni. Wimbo ulipokwisha Bwana Selestini, kwa mazoea ya miaka mingi, kinywa kikajisemea chenyewe: "Mabibi na mabwana, uzinduzi umefanyika rasmi. Tugeuze viti."

Wakageuka. Wakamwona mama na mtoto wakipita mlangoni kwenda bahari kuu, mkia wenye pengo umeinuka, na mbele yao mwanamke mwenye ndala za plastiki, kanga imelowa, kisu mkononi, damu kiganjani. Walipiga makofi dakika nzima. Balozi mmoja alilia. Nadhani ndiyo mara ya pekee nilipoona watu wa tishari lile wakipiga makofi bila kuangalia kwanza nani ameanza.

Mgeni rasmi aliwasili saa tisa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sisi tuna kamati ya kuyazoa. Utepe ulifungwa fundo, fundo likafunikwa ua, nami nikapiga hatua zangu mbili mbele. Nyangumi hakukuwa na hata mmoja. Mtukufu aliukata utepe, akahutubia saa mbili juu ya namna alivyowaleta, na kila wimbi lilipoinuka Bwana Selestini alitoa ishara ya makofi. Kibao cha shaba cha kumbukumbu kilitupwa majini ili kiwe karibu na walengwa.

Siku ya tatu Nahodha Saumu alifikishwa mahakamani kwa kosa la kujipa hadhi ya mgeni rasmi bila mwaliko, na hivyo kuutangulia uzinduzi. Wakili wa serikali alieleza vizuri sana. Nyangumi asiyezinduliwa, alisema, kisheria si nyangumi. Saa sita mchana uzinduzi ulikuwa haujafanyika. Kwa hiyo katika ule utepe hapakuwa na mama wala mtoto, na mshtakiwa aliukata kwa kumwokoa mtu ambaye hayupo. Hakimu alitikisa kichwa kwa uchungu wa kisomi, kisha akasema yuko tayari kusikia shahidi kabla ya kuandika hukumu, ambayo ilikuwa imekwisha kuchapwa.

Niwaambie kabisa kilichokuwa kimechapwa: boti na leseni, maisha. Boti amepewa Afisa Macho. Saumu amerudi kuuza pweza sokoni, kwenye meza ile ile aliyoanzia. Nimepita pale mara mbili, na mara zote mbili nimepitia upande wa pili wa barabara.

Shahidi wa serikali nilikuwa mimi. Nilieleza nilichokiona, na nilichotakiwa nisikione sikukieleza. Kisha Hakimu akamuuliza mshtakiwa kama ana swali kwa shahidi. Nahodha Saumu akasimama, kiganja chake kimefungwa kitambaa.

"Kaka, ule mkasi ungeikata ile kamba?"

Nilimtazama wakili wa serikali. Wakili alikuwa anatazama dari. Nami nilikuwa nimekwisha kuapa.

"Usingekata, Nahodha. Hauna makali. Haujawahi kukata kitu. Mgeni rasmi huugusisha tu."

"Sasa tepe zenu hukatwaje?"

"Huwa kuna mtu. Kwa shughuli za nchi kavu hukaa nyuma ya pazia na wembe."

"Na za baharini?"

"Mzamiaji. Alikuwepo siku ile. Alikaa nyuma ya hema la pili tangu asubuhi, amevaa nguo za kuzamia, ana kisu kirefu. Yeye hakugeuzwa, maana ilimpasa aone ishara. Akiiona anaingia majini, anakata, anarudi. Ni kazi ya dakika moja."

"Mtu wa serikali? Mwenye ruhusa ya kukata?"

"Mwenye ruhusa, Nahodha. Imepigwa muhuri."

Najua alichokuwa anakihesabu: dakika moja, mtoto amefunguliwa, na yeye jioni anafunga boti lake gatini kama kawaida.

"Na ishara alikuwa akiingoja kutoka kwa nani?"

Hakimu alisema swali hilo linagusa usalama wa taifa na kwamba shahidi halazimiki kujibu. Sikulazimika. Lakini Nahodha alikuwa ananitazama mimi, hakuwa anamtazama Hakimu.

"Kutoka kwangu," nikasema. "Nikiinua sinia juu ya kichwa, anaingia."

Karani aliacha kuandika.

"Kwa hiyo ungeinua sinia tu."

"Ningeinua sinia tu, Nahodha."

"Mbona hukuinua?"

Nikamjibu, na ninaona aibu kuwaambia kwamba nilisimama wima na kutumia sauti yangu ya kazini.

"Mgeni rasmi alikuwa hajafika."